Jino la pembe si dawa ya pengo: Kinga ya meno ya usiku ipite njia gani kufika Tarime na Serengeti

Mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule Nyamongo, wilayani Tarime, anajua kwamba kinacholika si mawe peke yake. Gololi za chuma zinazogongana ndani ya pipa husaga mawe, na mawe nayo huzisaga gololi, mpaka siku inafika analazimika kununua nyingine. Mama aliyekulia kwenye nyumba yenye jiwe la kusagia ulezi anaijua habari hiyo kwa njia ya zamani zaidi: jiwe lilikuwa likilika kidogo kidogo hadi likabaki na bonde katikati. Mtu anayesaga meno usingizini anaifanya kazi hiyohiyo kinywani mwake bila kujua, tena bila nafaka wala mawe ya kupunguza ukali wa msuguano. Tofauti iliyopo ndiyo inayolifanya jambo hili listahili kujadiliwa kwa uzito. Gololi zinauzwa na jiwe jingine linaweza kutafutwa, lakini jino la mtu mzima likishalika halioti tena.

Msaada unaotajwa sana siku hizi kwa tatizo hili ni kinga ya meno ya usiku, yaani kifaa cha plastiki kinachovikwa juu ya safu moja ya meno kabla ya kulala. Huko Marekani na Ulaya kinga hiyo huuzwa pia kwa njia ya posta. Mteja analipa kwa intaneti, kisha anatumiwa boksi lenye kijiko cha plastiki chenye umbo la taya pamoja na madonge mawili ya silikoni. Anayakanda madonge hayo, anayajaza kwenye kijiko, anang'ata kwa dakika chache mpaka yagande, halafu anairudisha alama hiyo ya meno kiwandani. Baadaye anapokea kinga iliyotengenezwa kwa kipimo cha kinywa chake. Bei yake mara nyingi huwa kati ya dola 100 na 200, wakati inayotengenezwa kupitia kliniki huko huweza kufika mamia kadhaa ya dola. Hoja yangu ni kwamba wazo la kusafirisha alama ya meno kama mzigo ni zuri, na wilaya kama Tarime na Serengeti, zilizo mbali na miji mikubwa, zinalihitaji kuliko hata miji lilikoanzia. Ila mzigo huo usafiri kati ya kliniki ya wilaya na maabara ya meno, si kati ya chumba cha kulala na kampuni iliyo ng'ambo. Kinachoweza kutumwa mbali ni plastiki. Jicho la kutazama kinywa na mkono wa kurekebisha kifaa lazima vibaki karibu na mgonjwa.

Mashine isiyojisikia

Kusaga meno usingizini ni kujikaza kwa misuli ya kutafunia wakati mtu amelala, mara kwa kusugua meno ya juu na ya chini, mara kwa kuyabana tu bila sauti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kwamba watu wazima wapatao 13 katika kila 100 husaga meno mara kwa mara usingizini. Kwa watoto makadirio yalipishana sana, kuanzia chini ya asilimia 4 hadi zaidi ya asilimia 40, kwa sababu tafiti nyingi hutegemea kile mzazi anachosikia usiku. Hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipo, maana anayesaga hajisikii. Anayemsikia ni mke au mume, au mwanafunzi wa kitanda cha juu bwenini, au mlinzi mwenzake waliyepokezana zamu. Wengi hugundua kwa dalili za asubuhi tu: taya limechoka kama lililotafuna muwa usiku kucha, kichwa kinauma upande wa panja, na meno yanasisimka kwa maji ya baridi. Tabibu wa meno naye akitazama huona magego yaliyokuwa na vilima yamekuwa bapa kama sakafu.

Nguvu inayohusika si ndogo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani waliwapima watu 10 wanaosaga meno kwa vifaa vilivyowekwa kinywani usiku. Kwa wastani, nguvu ya juu ya kung'ata ya usiku ilikuwa kama nusu ya ile ambayo mtu aliweza kuitoa kwa makusudi akiwa macho, lakini kwa mmoja wao ilizidi hata kiwango cha mchana. Mtu aliye macho akikuta jiwe kwenye wali huacha kutafuna papo hapo. Aliyelala hana breki hiyo. Hata hivyo haki itendeke: jopo la wataalamu wa kimataifa lilieleza mwaka 2018 kwamba kwa mtu mwenye afya njema kusaga meno si ugonjwa wenyewe, bali ni tabia ya misuli inayoweza kumletea mtu madhara au isimletee. Wengi husaga kidogo na hawapati hasara yoyote. Kwa hiyo makala hii haimwambii kila mkazi wa Mugumu wilayani Serengeti au Sirari wilayani Tarime atafute kinga. Inawahusu wale ambao meno yao yameanza kupungua, kupasuka au kuuma, na ambao leo wanasubiri mpaka siku ya kung'olewa.

Kabla ya kifaa, tujue tunakinga nini

Pingamizi la kwanza litatoka nyumbani. Wazazi wengi wakisikia mtoto anasaga meno hutoa hukumu moja: ana minyoo. Imani hii ina asili yenye mantiki, kwa sababu katika ukanda wa Ziwa Victoria minyoo na kichocho ni matatizo ya kweli, na ndiyo maana wanafunzi hupewa dawa shuleni kwa mpango wa kitaifa. Lakini tafiti zilizowalinganisha watoto wanaosaga meno na wasiosaga zimetoa majibu yanayokinzana kuhusu minyoo, na nchi zisizo na minyoo mingi zina watoto wengi wanaosaga meno vilevile. Dawa ya minyoo inywewe kwa sababu ya minyoo. Mtoto akiendelea kusaga baada ya kuinywa, asirudishiwe dozi juu ya dozi. Kwa watoto wengi tabia hii huisha yenyewe kadiri wanavyokua, na kuwavisha kinga ngumu si jambo la kukimbilia, kwa kuwa taya linakua na meno yanabadilishana, hivyo kifaa cha leo hakitamtosha baada ya miezi michache.

Yapo makosa mawili ya kutafsiri dalili ambayo ni hatari zaidi kuliko hilo la minyoo, na yote yanatuonyesha kwa nini mtu wa kutazama anahitajika kabla ya kifaa. La kwanza linahusu malaria, ugonjwa ambao Mkoa wa Mara, zilipo Tarime na Serengeti, bado unaufahamu vizuri. Mtoto mwenye homa kali aliyepoteza fahamu, ambaye taya limekaza na anasaga meno, huenda ana malaria iliyopanda kichwani, na mahali pake ni hospitali saa hiyohiyo. La pili ni kifafa cha usiku: anayeamka na jeraha ulimini au kitanda kimelowa anahitaji kuchunguzwa na daktari, si kununuliwa plastiki. Tanzania ina fundisho chungu la kutafsiri vibaya kinywa cha mtoto. Kwa miaka mingi sasa watoto wachanga wenye homa au kuhara wamekuwa wakichanjwa ufizi ili kutolewa kile kinachoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, kumbe kinachotolewa ni vichipukizi vya meno halali. Homa ilikuwa na sababu nyingine, na mtoto akabaki na jeraha juu ya ugonjwa. Kifaa kinachokuja kwa posta hakichanji mtu ufizi, lakini kina kasoro ya aina moja na ushauri wa mtaani, kwamba kinatoa jibu kabla mtu hajauliza swali.

Na kinga yenyewe inajibu nini hasa? Hapa lazima tuwe wakweli, maana matangazo huahidi zaidi ya yale ushahidi unayoyabeba. Mapitio ya majaribio ya tiba yaliyofanywa na watafiti wa Cochrane mwaka 2007 yalisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kinga huzuia kusaga meno, ingawa inaweza kuwa na faida katika kupunguza kulika kwa meno. Kwa maneno mengine, misuli inaendelea na kazi yake, ila inasugua plastiki badala ya enameli. Tukirudi kwenye karasha, kinga ndiyo gololi inayoweza kununuliwa tena. Baada ya miezi au miaka itakuwa na mikwaruzo na mashimo, na hiyo si dalili kwamba imeshindwa kazi: kila mkwaruzo ulio juu yake ni mkwaruzo ambao haukufika kwenye jino. Mtu akielezwa hivyo mapema hatakata tamaa akisikia kwamba bado anasaga, wala hatadanganywa na anayemuuzia uponyaji.

Aina ya plastiki nayo ina maana yake. Katika utafiti mdogo wa mwaka 1987 uliohusisha watu 10, kinga ngumu ilipunguza kazi ya misuli kwa watu 8, ilhali kinga laini iliiongeza kwa watu 5 kati ya haohao 10. Watu 10 ni wachache mno kutunga sheria juu yao, lakini matokeo hayo yanaungana na mang'amuzi ya madaktari wengi, kwamba kilicho laini humshawishi anayesaga kutafuna, kama mtu aliyelala na ubani mdomoni. Hilo linajibu pia wazo la kinga za bei nafuu za kuchemshwa na kung'atwa, zile zinazotengenezwa hasa kwa wachezaji wa ndondi na mpira. Kwa siku chache zinaweza kufaa. Kwa miaka ya kulala nazo, zinachezacheza, zinajaa kinywa na huchakaa upesi, na anayeitema usingizini kila usiku hajakingwa na chochote.

Kwa nini Tarime, kwa nini Serengeti

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kifaa cha watu wa mjini kijadiliwe katika wilaya ambazo mama bado anatembea umbali mrefu kufuata huduma ya uzazi. Jibu linaanzia kwenye namna meno yanavyotibiwa katika hospitali zetu za umma. Kazi kubwa ya viti vya meno vya wilaya ni kung'oa. Mgonjwa hufika akiwa amechelewa, vifaa vya kuziba havipo kila wakati, na jino lililopasuka kwa sababu ya kusaga huishia kwenye sahani ya chuma pamoja na yale yaliyooza. Mjini, aliyepoteza gego anaweza kuvalishwa kofia ya jino au kuwekewa daraja. Ring'wani au Machochwe, pengo hubaki pengo. Kwa hiyo kadiri mtu alivyo mbali na tiba ya kurudisha jino, ndivyo thamani ya kulilinda inavyopanda. Kinga ya usiku ikitazamwa hivi inakuwa na maana kubwa zaidi kwa mkulima wa Nyamwaga kuliko kwa mtumishi wa ofisi ya Dar es Salaam mwenye kliniki tano katika mtaa mmoja.

Kuna pia jambo la maji. Mara ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambako baadhi ya vyanzo vya maji ya ardhini vimekutwa na madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakishauri kisizidishwe. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yanapoumbika huota meno yenye madoa ya kahawia, na hali ikiwa mbaya enameli yenyewe huwa na vinyweleo na kumeguka kirahisi. Aibu ya tabasamu ndiyo inayosemwa sana, lakini jino la namna hiyo likipewa na kazi ya kusaga kila usiku linakuwa kama ukuta wa tofali lisilochomwa vizuri unaopigwa na mvua. Nyongeza yake ni mazingira ya usingizi wenyewe. Mapitio ya tafiti yanaonyesha kwamba wavutaji wa sigara na wanywaji wa pombe wana uwezekano wa takribani mara mbili wa kusaga meno usingizini ukilinganisha na wengine, na kahawa nyingi mno huongeza pia. Mirungi, ambayo sheria inaikataza lakini mipaka inaijua, ina kemikali ya jamii ya vichangamshi, na vichangamshi vinajulikana kwa kukaza taya. Ukijumlisha zamu za usiku za migodini, madereva wa masafa marefu wa njia ya Sirari na hofu za maisha, unaona kwamba hili halikuwahi kuwa tatizo la mji mkubwa peke yake.

Kwa nini isiagizwe moja kwa moja

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: kama kliniki ni chache na barabara ni ndefu, kwa nini mtu asiagize mwenyewe na kuachana na foleni? Nakiri kwamba hoja hii ina uzito. Mtu mzima mwenye kinywa kizima, aliyefuata maelekezo kwa makini, anaweza kupata kwa posta kinga isiyotofautiana sana na ya kliniki, kwa sababu plastiki ni zilezile na maabara hufanya kazi ileile. Mfumo wa anwani za makazi uliohamasishwa nchi nzima mwaka 2022 umerahisisha hata kumtafuta mtu kijijini. Tatizo ni kwamba sharti la kinywa kizima ndilo gumu. Alama ya silikoni inaonyesha umbo la jino, haionyeshi uhai wake. Haisemi kama gego limeoza kwa ndani, kama ufizi unatoka usaha, kama jino linatikisika, wala kama kuna mzizi uliobaki baada ya kung'oa vibaya. Kinga ikivikwa juu ya jino linalooza, mtu amelifunikia uozo wake usiku kucha, na ikivikwa juu ya meno yanayolegea inaweza kuyasukuma zaidi.

Kuna swali lingine ambalo boksi haliulizi, nalo ni kama mtu anakoroma na kukatika pumzi usingizini. Utafiti mdogo wa Kanada wa mwaka 2004 uliwapa watu 10 wenye tatizo hilo kinga ya taya la juu, na nusu yao pumzi ilivurugika zaidi walipoivaa. Idadi ni ndogo, lakini onyo ni kubwa: kifaa kisicho na madhara kwa mmoja kinaweza kumwongezea mwenzake tatizo la pumzi. Tabibu wa meno aliyeko Tarime hahitaji mashine kulibaini hilo kwa hatua ya kwanza. Anahitaji kumuuliza mgonjwa, na ikiwezekana kumuuliza anayelala naye, kama anakoroma, kama huamka amekabwa, na kama husinzia mchana. Maswali hayo matatu ni bure, na hayamo ndani ya boksi.

Halafu kuna swali la nani anabaki na mgonjwa mambo yakiharibika. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub, iliyoanzishwa mwaka 2014 ili kunyoosha meno kwa njia ya posta, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika Septemba 2023 na kufunga kazi Desemba mwaka huohuo, wateja wengi wakiwa bado katikati ya matibabu. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa katika nchi yenye sheria kali za kuwalinda walaji. Mtu wa Mugumu aliyelipa dola 100, ambazo ni takribani Sh250,000 kabla ya usafiri na ushuru, kwa kampuni asiyoijua ilipo, atamdai nani kinga ikimbana? Hapa nyumbani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inasimamia vifaa na Baraza la Madaktari Tanganyika linasimamia wanaotibu. Ulinzi huo una mapungufu yake, lakini una mlango wa kubisha. Boksi lililotoka ng'ambo halina mlango huo.

Posta iliyo sahihi

Njia ninayoitetea inatumia akili ileile ya posta, ila inabadilisha vituo vyake viwili. Mgonjwa anafika kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya. Anatazamwa, anaulizwa, meno yaliyooza yanashughulikiwa kwanza, kisha alama ya meno inachukuliwa palepale. Ufundi wa jambo hili upo kwenye malighafi. Aljineti, unga unaokorogwa kwa maji na kutumika katika kliniki nyingi kwa sababu ya unafuu wake, hupoteza maji na kusinyaa ndani ya muda mfupi, kwa hiyo alama yake haiwezi kupakiwa kwenye basi na kutarajiwa ifike sawasawa. Silikoni hudumu na umbo lake kwa siku nyingi, na ndiyo sababu kampuni za posta huitumia, ila ni ghali. Lakini ipo njia ya kati ambayo kila aliyewahi kumwona mtu amefungwa mkono uliovunjika kwa jasi ataielewa. Tabibu akichukua alama kwa aljineti na kumimina jasi ndani yake mara moja, baada ya saa moja hivi anapata sanamu ya meno iliyo ngumu. Sanamu hiyo haisinyai. Ikifungwa vizuri kwenye boksi lenye nguo au sponji inaweza kusafiri kwa basi kutoka Tarime hadi Mwanza, au kutoka Mugumu kupitia Nata na Bunda, kama zinavyosafiri spea za pikipiki na vifurushi vya sikukuu kila siku.

Maabara ya meno mjini inatengeneza kinga juu ya sanamu hiyo na kuirudisha kwa njia ileile, na mgonjwa anaitwa kwa simu. Safari ya pili ndiyo ambayo posta ya ng'ambo haina. Tabibu anaivisha kinga, anamng'atisha mgonjwa karatasi nyembamba ya rangi, na palipoonekana doa zito upande mmoja anapasugua mpaka meno yote yagusane na plastiki kwa usawa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini ndiyo inayotenganisha kinga inayovaliwa na kinga inayotupwa uvunguni mwa kitanda. Kinga inayogusa sehemu moja tu humwamsha mtu na taya linalouma, na ikivaliwa hivyo kwa muda mrefu inaweza kuyahamisha meno. Baada ya hapo kuna maelekezo machache ya kuitunza: isuguliwe kwa mswaki na maji safi yasiyo ya moto, kwa kuwa joto huikunja, ihifadhiwe kwenye kopo lenye matundu ya hewa mbali na jua na watoto, na iletwe kila mgonjwa anaporudi kliniki.

Watasema ni gharama, na kwamba fedha ya halmashauri ina kazi za haraka zaidi. Ni kweli kwamba haiwezekani kumpa kinga kila anayesaga, wala haihitajiki. Hatua za kwanza hazina bei: kupunguza pombe, sigara na kahawa saa za jioni, kulala kwa ratiba pale kazi inaporuhusu, na kujizoeza mchana kufunga midomo bila meno kugusana, kwa sababu meno yaliyopumzika hayagusani. Anayetumia dawa za sonona akaanza kusaga meno amweleze daktari wake bila kuziacha kiholela, maana baadhi ya dawa hizo zinajulikana kuleta hali hiyo. Ni wale wachache watakaobaki baada ya hatua hizo, wenye meno yanayolika kwa ushahidi wa macho, ndio watakaohitaji kifaa. Kwao hesabu si kati ya kinga na bure. Ni kati ya kinga moja na mfululizo wa magego yanayong'olewa moja baada ya jingine, safari za Musoma au za hospitali ya Bugando, na hatimaye meno ya bandia yanayotafuna nyama choma kwa shida. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kuliuliza swali hili wazi: kama mfuko wa bima unalipia kung'oa jino, kwa nini usilipie kulilinda pale tabibu anapothibitisha kwamba linalika?

Vinavyohitajika havitishi. Ni jasi, vijiko vya kuchukulia alama, makubaliano ya maandishi kati ya kliniki za Tarime na Mugumu na maabara moja ya mjini kuhusu bei na muda, na daftari la kumfuatilia mgonjwa. Mabasi yapo, simu zipo, na matabibu wa meno wamefundishwa kuchukua alama ili kutengeneza meno ya bandia. Kazi tunayowaomba ni ileile, ila ifanyike kabla pengo halijatokea. Wahenga waliosema jino la pembe si dawa ya pengo waliishi zama ambazo tembo walikuwa wengi na pembe haikuwa adimu, na bado waliona kwamba kitu cha thamani kikiwekwa mahali pa kilichopotea hakikirudishi. Wilaya inayopakana na hifadhi ya tembo ina kila sababu ya kuielewa methali hiyo, na ya kuyalinda meno ya watu wake yakiwa bado yamesimama kwenye ufizi.